Eda Katika Nyumba ya Taifa

"Hivi shoga, mumeo anafuga nini humo ndani?"

Bi Zuwena, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliniuliza hivyo wiki tuliyohamia mtaa wa Kisimani, nami sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima. Waume wa wenzangu walifuga kuku, wengine bata, na fundi cherehani wa kona alifuga kobe kwenye karai. Wangu alifuga kuvu. Aliiweka kwenye chupa za jamu, akazipanga rafuni kama mtu anavyopanga vikombe vya wageni, na kila siku baada ya swala ya alfajiri alizipitia moja moja kama anaziuliza hali.

"Mume wangu ni profesa," nikamwambia.

"Hilo nimesikia. Nimeuliza anafuga nini."

Nchi yetu sitaitaja. Si kwa woga. Jina lake limebadilishwa mara tatu tangu nizaliwe, na redio yangu imeisha betri, kwa hiyo sina hakika linaitwaje wiki hii. Inatosha kusema ni nchi yenye serikali, na serikali yake inatupenda sana, hasa tukishakufa.

Mume wangu aliitwa Athumani Lugome. Ndiye mtu wa kwanza wa nchi hii kuitwa profesa kwa vyeti. Kabla yake neno hilo lilitumiwa na waganga wa sokoni wanaotibu mikosi. Mimi niliishia darasa la saba, na sikuwahi kuona haya, maana yeye ndiye aliyenionyesha faida yake. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amekanyaga wino akatembea. Wangu ulikuwa wa shule ya msingi, wa mviringo, unaosomeka. Basi yeye aliangalia kwenye hadubini, mimi nikaandika vibandiko vya chupa. "Ghala la Nne, mahindi, gunia la chini." Nikisahau siku alinirudisha: "Hadiya, weka tarehe. Jambo lisilo na tarehe ni umbea."

Umbea wake wenye tarehe ndio uliomtoa kazini. Mwaka ule wa mvua nyingi aligundua kwamba mahindi ya maghala ya serikali yameota kuvu yenye sumu, na kwamba sumu hiyo haifi kwa kupikwa. Inakaa kwenye ini la mlaji, inangoja. Akaandika barua. Serikali haikuidharau, nisiisingizie. Iliunda kamati, kamati ikayakagua mahindi kwa mbali kwa ajili ya usalama wake, ikatoa tamko kwamba mahindi ya Taifa hayana kuvu, na ile rangi ya kijani ni uzalendo wa nafaka yenyewe, kwa kuwa bendera yetu nayo ina kijani. Mume wangu akastaafishwa akiwa na miaka arobaini na minne, kwa sababu ya uzee.

Miaka thelathini na moja iliyofuata alifanya kazi kwenye meza yetu ya kulia chakula. Watu walimletea mahindi ya mgao yamefungwa kwenye kitambaa, naye akayaweka chupani mpaka kuvu ijitokeze, akaitambua, mimi nikaandika. Chupa zikafika mia tatu na sita. Barua zake kwa serikali zikafika arobaini. Majibu yalifika mawili, na moja lilikuwa la mtu mwingine.

*

Alikufa kwa ini. Miaka hiyo watu wengi mtaani kwetu walikufa kwa ini, akiwemo mume wa Bi Zuwena, na redio ilisema ni ukosefu wa mazoezi. Mtu ataniuliza: yeye aliyejua, mbona alikula? Alikula kwa sababu duka la mtaa lilikuwa na unga wa aina moja, na binadamu hula.

Alifariki Alhamisi, baada ya alasiri, kwenye kitanda chetu. Wanaume wakamuosha, wanaume wakamswalia, wanaume wakamzika, mimi nikisikia tu nyayo zao zikienda. Nilichobakiziwa ni eda: kukaa katika nyumba ya mume wangu miezi minne na siku kumi, sitoki bila dharura, sijipambi, sijitii manukato. Kwa kuandama kwa mwezi ilitoka siku mia moja ishirini na nane. Watu hudhani ni kifungo. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya mwisho niliyoachiwa juu yake, na hiyo hakuna mwanamume angeweza kunifanyia. Nilitaka niimalize, humo humo ndani, zote mia moja ishirini na nane, na sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Nikachukua chaki, nikachora mstari wa kwanza ukutani, usawa wa mto wa kulalia.

*

Siku ya tatu, wasomaji wa hitima hawajamaliza kunawa mikono, yakaja magari sita ya serikali. Tulidhani wamepotea njia. Akashuka bwana mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa, akajitambulisha kuwa ni Bwana Ndelwa, Mkurugenzi wa Idara ya Nyumba za Watu Wakubwa Waliokwisha Kufa. Akapanda kwenye ngazi ya mlango wetu, akatoa karatasi, akakohoa kikohozi cha kiserikali.

"Ndugu wananchi! Leo Taifa limempata Profesa wake! Kwa miaka thelathini na moja tumemtafuta usiku na mchana bila kuchoka!"

"Mlimtafutia wapi?" Bi Zuwena akauliza kutoka kwenye mkeka wa wanawake. "Alikuwa hapo mezani."

"Huo ni uchungu wa msiba, mama, tunauheshimu. Ndugu wananchi! Kuanzia dakika hii nyumba hii ni Urithi wa Taifa. Itahifadhiwa kama ilivyokuwa saa ile aliyofariki. Hakuna kitakachoongezwa! Hakuna kitakachopunguzwa! Hakuna kitakachosogezwa!"

Nikasema alhamdulillahi, tena kwa moyo mmoja. Nilijua maana yake ni kwamba chupa zake hazitaguswa. Nikasema kumbe serikali ni kama mvua za nchi yetu, inachelewa lakini siku ikija inajaza ndoo zote.

"Na kwa mujibu wa kifungu cha saba," akaendelea Bwana Ndelwa akigeuza karatasi, "hakuna mtu atakayelala katika nyumba ya urithi. Mama mjane atahama kesho saa nne."

"Baba, mimi niko eda," nikamwambia kutoka ndani.

Akamgeukia msaidizi wake. "Eda ni idara gani?"

Bi Zuwena akamweleza, kwa sauti ambayo hata kule sokoni waliipata. Bwana Ndelwa akasikiliza kwa adabu, akasema jambo hilo ni la kitaalamu, akaagiza aitwe Sheikh Mwinyikai, ambaye ni Mshauri wa Kiroho wa Wizara na ana gari lake la Wizara. Sheikh akaja, akaketi, akanipa mkono wa rambirambi kwa maneno, akafunga macho.

"Mjane hukaa eda katika nyumba ya marehemu mumewe," akasema. "Hilo halina mjadala."

"Sawa kabisa," akasema Bwana Ndelwa. "Lakini nyumba hii si ya marehemu tena. Ni ya Taifa."

Sheikh akafungua jicho moja. "Hapo pana mjadala."

"Je, tunaweza kusema Taifa lilikuwa mumewe?" Bwana Ndelwa akauliza, kalamu mkononi.

"Astaghfirullah," akasema Bi Zuwena.

Nikasogea karibu na mlango, nikajistiri, nikamuuliza mwenyewe: "Sheikh, wewe mbele ya Mungu unasemaje?"

"Mama, mbele ya Mungu nitasema. Hapa tuko mbele ya Mkurugenzi."

Aliyeniokoa ni msichana wa namba. Aliitwa Anastela, kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu cha nyumba kwenye daftari kubwa na kukibandika namba. Alikuwa ameshafika kwenye ndoo za jikoni. Akasimama mlangoni, daftari kifuani, akasema kwa woga: "Mzee, tamko linasema chochote kilichokuwemo saa ile kisisogezwe. Na bibi alikuwemo."

Bwana Ndelwa akaisoma karatasi yake upya, kwa kidole, kama mtu anayeisoma mara ya kwanza. Halafu uso ukamng'aa.

"Mbandike," akasema.

*

"Samahani bibi, naomba kifundo cha mkono," Anastela akaniambia. Nikampa. Namba yangu ilikuwa mia mbili na kumi na nne, baada ya birika na kabla ya pipa la maji. Kwenye daftari akaandika: *Mjane, mmoja, hali ya wastani. Mahali: chumba cha kulala.*

"Mbona wastani?" nikamuuliza.

"Magoti, bibi. Nimekuona umeinuka kwa kushika ukuta."

"Basi umeandika kweli. Weka na tarehe."

Bi Zuwena akanitazama mkono, akapiga makofi ya mshangao. "Shoga, wamekufanya kabati!"

"Kabati halihamishwi," nikamjibu. Na hilo ndilo nililolitaka.

*

Mali ya Taifa ina masharti yake, na mimi niliyafuata yote kwa utiifu. Kupika hairuhusiwi, kwa sababu saa aliyofariki Profesa jiko halikuwa na moto. Uji wangu ulipitishwa dirishani na Bi Zuwena, akatia sahihi kila siku kwenye fomu ya *dawa ya kuhifadhia mali*. Swala ilileta matatizo, maana mali haisogei saa za kazi, na swala mbili zinaangukia saa za kazi. Sheikh akapigiwa simu. Wakakubaliana kwamba kurukuu na kusujudu kwangu kuandikwe kuwa *mtikisiko wa asili*.

Bati letu lilikuwa na tundu juu ya kitanda, upande wangu. Mume wangu alikuwa akisema kila masika ataliziba. Tundu likapewa namba themanini na nane. Mvua ya kwanza ilipokuja nikaomba sufuria la kukingia, nikaambiwa siku ile hapakuwa na sufuria hapo. Nikaomba basi nilisogeze godoro. Godoro lilikuwa namba tisini. Kiangazi kilipoingia na tundu likakauka, mlinzi akawa anapandishwa juu ya paa kila Jumatatu na ndoo ya maji, kusudi uvujaji usipotee.

Mistari yangu ya chaki ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nilikuwa nimefika wa thelathini na saba. Bwana Ndelwa aliiona, akaita wataalamu, wakaipiga picha, wakasema ni *michoro ya ukutani, mchoraji hajulikani, yumkini ni hesabu za mwisho za Profesa*, wakaifunika kwa kioo.

"Baba, hiyo ni yangu mimi. Ni siku za eda. Kesho natakiwa nichore mwingine."

"Mama," akaniambia kwa upole, "nani atapanga foleni kuja kutazama siku zako?"

Kuanzia hapo Bi Zuwena alinihesabia. Kila asubuhi alileta uji na siku. "Uji huo. Leo arobaini na mbili." "Uji huo. Hamsini, na chumvi nimesahau."

Ufunguzi rasmi ulikuwa bado, lakini wageni wa majaribio walianza kuletwa. Mimi siwezi kukaa mbele ya wanaume nisiowajua, niko eda. Nikasema nitatundika pazia. Pazia halikuwemo. Tulibishana siku mbili, mpaka Anastela akakumbuka kwamba khanga yangu ya kujifunika, namba mia na tano, siku ile ilikuwa imeanikwa dirishani, na upepo ukivuma ilifika mpaka mlangoni. Ikaandikwa kwamba upepo unavuma. Nikakaa nyuma yake.

Mwongoza wageni akawa anasimama upande wa pili, anasema: "Nyuma ya khanga hii yupo mjane halisi. Tafadhali msimguse, msimlishe."

Siku moja waliletwa watoto wa shule. Nikasikia mmoja anauliza: "Mwalimu, yuko hai?"

"Ssh," akasema mwalimu. "Soma kibandiko."

Nilivumilia. Nitadanganya nikisema sikulia, lakini nililia bila kusogea. Kwa maana chumba cha pili, nyuma ya ukuta, zilikuwepo chupa mia tatu na sita, na mwandiko wangu juu yake na macho ya mume wangu ndani yake, na niliamini nimekaa eda karibu na mtu wangu.

*

Siku ya tisini na saba ikaja habari kwamba nyumba itafunguliwa na Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe. Bwana Ndelwa hakuketi tena. Kwanza ilikuwa mlango. Mlango wetu ni mfupi. Mume wangu aliingia ameinama kila siku ya maisha yake. Katiba ya nchi yetu inakataza Mtukufu kuinama. Wakaja mafundi wakaubomoa ukuta kwa juu, wakaupandisha mlango kiasi cha mkono na nusu, wakaubandika kibandiko: *Mlango wa asili*.

Halafu wakaja vijana wa Kikosi cha Usafi wa Urithi, na ndoo, na sabuni ya unga.

Sikuwaona. Ilikuwa saa za kazi, na mimi ni mali. Nilisikia. Nilisikia chupa ya kwanza inaguswa, mlio ule wa kioo kwa kioo ninaoujua kama sauti ya mtoto ambaye Mungu hakunipa. Nikasikia kifuniko kinafunguliwa. Nikasikia maji.

"Bwana Ndelwa!" nikaita. "Bwana Ndelwa, wanafanya nini?"

Akaja mpaka kwenye khanga. "Mama, saa za kazi."

"Wanaosha kuvu!"

"Wanasafisha. Mtukufu hawezi kuoneshwa uchafu."

"Hiyo ndiyo kazi ya mume wangu. Ndiyo kazi yake yote. Ulisema hakuna kitakachopunguzwa. Tundu la bati mmelimwagia maji lisife!"

"Tundu halina ubaya na mtu," akasema. "Mama, nielewe. Sheria inasema tuhifadhi nyumba. Kuvu si nyumba. Ilikuwa inakaa tu, kama mpangaji."

"Na mimi je?"

Akanyoosha khanga pale ilipokunjamana, akaondoka.

Waliosha mpaka adhuhuri. Walikuwa vijana wachangamfu, walitaniana, mmoja alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Vibandiko vyangu vililoweka vikatoka vyenyewe. Anastela aliniambia vilielea kwenye ndoo, wino ukayeyuka, wakamwaga kwenye mfereji. Chupa zikarudishwa rafuni zinameremeta, na katika kila moja wakatia ua la plastiki.

Asubuhi yake Bi Zuwena alileta uji. "Tisini na nane," akasema. Kisha akabaki dirishani bila kutia sahihi, akasema taratibu, "Shoga, njoo ukae kwangu. Kitanda kipo. Mungu anaona."

"Zimebaki thelathini."

"Ndani ya nini? Humo hakuna alichoacha."

"Nimo mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye alichoacha. Nitamaliza."

*

Siku ya mia moja na tisa, mapema, Bwana Ndelwa alikuja amevaa skafu ya rangi za bendera. Akaketi upande wa pili wa khanga na kuniambia jambo ambalo, alisema, ni dogo sana. Kifungu cha kumi na mbili kinataka kila nyumba ya urithi ithibitishwe na shahidi aliyeishi humo. Mtukufu ataniuliza swali moja. Jibu ni neno moja.

"Atauliza, 'Ndivyo alivyoishi?' Wewe utasema, 'Ndiyo.' Basi. Halafu utamalizia eda yako kwa raha, hakuna atakayekugusa."

"Na nikisema vingine?"

"Mali isiyolingana na maelezo yake huondolewa, mama. Siyo mimi. Ni kifungu."

Saa tano akaingia Mtukufu kwa mlango wa asili, hakuinama. Mwanya wa khanga ulinitosha kuona chumba chetu cha mbele, na kama nisingejua niko wapi ningeomba radhi kwa kuingia nyumba ya watu. Meza yetu ya kulia haikuwepo. Kulikuwa na meza ya mninga, miguu imechongwa vichwa vya simba. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya kuchora ya mume wangu akicheka mbele ya sahani ya ugali. Alikuwa mtu wa kutabasamu. Kucheka vile sikupata kumuona. Katikati ya sakafu lilisimama gunia la mahindi ya Taifa, limefungwa utepe wa dhahabu, namba moja.

Mtukufu akavuta kitambaa, likatokea bamba la shaba. Bwana Ndelwa akalisoma kwenye kipaza sauti: "HAPA ALIISHI PROFESA ATHUMANI LUGOME, ALIYETHIBITISHA KWA SAYANSI UBORA WA MAHINDI YA TAIFA."

Wakapiga makofi. Sheikh Mwinyikai akaomba dua fupi. Mtukufu akahutubia: akasema Profesa alikuwa rafiki yake wa karibu ingawa hawakubahatika kuonana, akasema wako maadui waliotumia jina la msomi huyu kueneza uvumi juu ya nafaka yetu, na leo nyumba yenyewe imewajibu. Kisha akageukia khanga. Kamera zote zikageuka naye.

"Mama yetu. Ndivyo alivyoishi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Naandika haya Mungu ananiona, kwa hiyo nasema kweli: nilijiandaa. Tangu asubuhi nilikuwa nalijaribu mdomoni, neno dogo, kwa siku kumi na tisa zilizobaki. Nilijiambia marehemu hatadhurika, ameshakufa. Lakini lilipofika wakati wake nikaona lile si jibu, ni ushahidi, na maiti akishuhudiwa uongo hana pa kusimama akasahihisha.

Nikajistiri vizuri, nikatoka nyuma ya khanga.

"Hapana, Mheshimiwa. Hilo gunia halikuwepo. Lingekuwepo angelipima."

Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma alicheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Bwana Ndelwa akanyakua kipaza sauti. "Mtukufu, mali hii ina majonzi! Ni majonzi tu!"

Lakini Mtukufu alimtuliza kwa mkono. Hakukasirika. Alinisogelea, akaongea taratibu, kama mtoto wa watu aliyelelewa vizuri.

"Mama, umebakiza siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mama yangu mzazi alikaa eda nikiwa mdogo. Najua uzito wake, sipendi uikatishe. Nitakuuliza tena. Safari hii usinijibu kama watu wa sayansi. Nijibu kama mke. Ndivyo alivyoishi?"

Kama mke. Nadhani alitaka kunisaidia.

"Kama mke, Mheshimiwa," nikasema, "nilimsongea ugali wa ghala lako miaka thelathini na moja. Aliniambia kilichomo ndani yake, nami nilijua, na kila siku niliusonga na nikampakulia, kwa sababu alikuwa na njaa. Ndio uliomuua. Umeua na mume wa jirani yangu. Hivyo ndivyo alivyoishi."

Nilisikia maji ya tundu namba themanini na nane yakidondoka chumbani, maana ilikuwa Jumatatu.

Mtukufu akatazama saa yake. Sheikh akatazama viatu vyake. Bwana Ndelwa akasema bila kugeuza kichwa, "Anastela. Daftari."

Anastela akaja, akafungua ukurasa.

"Mia mbili na kumi na nne. Futa."

"Sababu, mzee?"

"Haikulingana na..." Akafikiri. Kamera zilikuwa bado zinawaka. "Hapana. Usifute. Andika haikuwemo."

Kalamu ya Anastela haikusogea. Akaninyanyulia macho, yamejaa machozi, kama anayesubiri mimi nimwambie aandike au asiandike. Sikumwambia. Nilikuwa naziomba msamaha zile siku kumi na tisa, moja moja, pamoja na marehemu ambaye zilikuwa zake.

Nilitaka nichukue msala wangu na kandambili zangu, nikakumbuka zote zina namba. Nikaviacha. Nikapita mbele ya gunia, nikapita mbele ya picha ya yule mtu anayecheka, nikashuka ngazi miguu mitupu mchana ule, watu wakinipisha, nikatoka bila kusema neno jingine.